Bakuli la Jirani

Gil-rye alinisimulia haya mwenyewe mwaka juzi, siku ya kupaka kabichi pilipili kwa ajili ya kimchi ya majira ya baridi, mikono yetu myekundu hadi viwikoni.

Panya wale walizaliwa na usonji. Ukiwaletea mwenzao, wanampa mgongo. Gil-rye aliwaoshea vizimba katika maabara moja ya Daejeon, na migongo hiyo aliijua. Nyumbani alikuwa na mjukuu, Sae-ron, binti wa miaka saba ambaye hajawahi kumtazama usoni wala kumwita bibi.

Daktari Noh alikuwa na dawa: vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyotolewa na bakteria wa tumboni. Alisema hufika hadi kwenye ubongo na kuamsha jeni zilizolala. Panya wenye kadi nyekundu kwenye kizimba walinyweshwa vifuko. Wa kadi nyeupe, maji matupu. Wekundu wakipona na weupe wakabaki vilevile, dawa ingejaribiwa kwa watoto. Sae-ron alikuwa wa tatu kwenye orodha.

“Mama, bado unaongea na panya?” Daktari alimtania.

“Hawa wakinipa mgongo ni ugonjwa. Wewe usiyesalimia una nini?”

Daktari akacheka, akainama kumsalimia.

“Halafu hawa wanyama wako wanakula mavi ya wenzao.”

“Ndiyo kawaida yao, Mama. Usione kinyaa.”

Mwezi wa pili, wekundu wakaanza kunusana, wakalala wamelundikana kama vifaranga. Gil-rye alilia juu ya beseni. Weupe walibaki kila mmoja na kona yake, akawaonea huruma.

Mwezi wa nne, weupe nao wakageuka.

“Wote wamepona!” Gil-rye alipiga makofi.

Daktari hakupiga. Alichunguza bongo zao: jeni zilezile zimeamka, kwa wekundu na kwa weupe.

“Waliokunywa maji wamepona sawa na waliokunywa dawa,” alisema, macho yake sakafuni. “Basi si dawa iliyowaponya, Mama. Tumefunga jaribio.”

Orodha ya watoto ikachanwa.

Alipofika hapo katika kusimulia, Gil-rye alijaza bakuli kimchi mpya, akampelekea mwanamke wa ghorofa ya juu.

“Hata yule msiyesemezana naye?” nilimwuliza aliporudi.

“Mtu hali kipya jirani akabaki na cha mwaka jana.”

Sae-ron alikwisha lala kwenye sakafu yenye joto, uso ukutani. Gil-rye alijinyoosha nyuma ya ule mgongo mdogo.

“Ila wale weupe sikuwanyima,” alisema, akifumba macho. “Kila Ijumaa nikibadilisha maranda ya vizimbani, nilichota konzi moja kwa wekundu, na mavi yake humohumo, nikawatilia weupe. Nao waonje.”

Akapitiwa na usingizi.