Barua ya Punda

Mwaka ambao chumvi iliadimika nyikani, Simba alimteua Punda kuwa mwendesha mashtaka maalumu wa kesi za ulanguzi. Alimteua kwa mdomo tu, kisha akaenda zake kulala.

Punda ni Punda; akiambiwa beba, hubeba. Alimshtaki Panya kwa kuficha bonge la chumvi lisilozidi kichwa chake, na Panya akanyang'anywa shimo. Alimshtaki Kanga kwa kuuza juu ya bei iliyopangwa, na Kanga akafungwa msimu mzima. Miaka saba ikapita hivyo, mgongo wa Punda ukapinda kwa kubeba majalada.

Hatimaye akamfikisha mahakamani Fisi, aliyejaza chumvi pango zima.

Fisi alisimama kizimbani na chumvi bado midomoni. Hakukana lolote. Alimuuliza Hakimu Bundi jambo moja tu: "Mheshimiwa, huyu ananishtaki kwa barua gani?"

Punda akapekua majalada yote, kisha akainamisha masikio. "Barua sina, Mheshimiwa. Niliambiwa tu."

"Basi huna mamlaka," akasema Bundi. "Fisi, nenda nyumbani."

Panya, ambaye siku hizi alifagia mahakama ili apate pa kulala, akaweka ufagio chini. "Mheshimiwa, na mimi je? Aliyenishtaki ni huyu huyu."

Bundi akapiga mwayo. "Wewe uliulizia barua?"

"Sikuulizia, Mheshimiwa."

"Basi siku yako alikuwa nayo."