Ng'ombe wa Masudi

Ng'ombe waliokuwa wakinywa kwenye birika la mzee Tarsisi asubuhi ile hawakuwa wake, na yeye hakutakiwa kujua.

Alikuwa amekaa barazani, macho yake yaliyokwisha kuzima yameelekea zilikotoka sauti za kwato. Anisia, mke wa mwanawe, alisimama kando ya birika na brashi mkononi, mikono imelowa hadi viwikoni, tumbo la miezi saba likimlemea.

"Madoa amekunywa?" mzee aliuliza.

"Amekunywa, baba."

"Na maji?"

"Meupe. Nimesugua mpaka chini."

La maji lilikuwa kweli. Madoa alikufa mwezi wa tano, yeye na wenzake wanane.

Siku zile mzee alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto kwa ajili ya macho. Anisia alibaki peke yake na mimba changa iliyomwangusha kitandani. Hata maji alikuwa akiyatapika. Kwa wiki mbili hakushika brashi. Alichoweza ni kujikokota hadi zizini, kuwafungulia ng'ombe wakanywe, kisha kurudi kulala. Jua lilikuwa kali, birika halina kivuli, na utando wa kijani ukatanda juu ya maji kama rangi iliyomwagwa. Aliuona. Akajisemea, kesho nikiamka na nafuu.

Ng'ombe wa kwanza alianguka hatua chache kutoka birikani, akitetemeka miguu. Kufikia jioni ya siku ya pili hapakuwa na wa kufungiwa zizini. Bwana mifugo alichota yale maji kwenye chupa, akayaangalia juani. "Utando mwingine una sumu, mama," alisema taratibu. "Birika linataka kumwagwa maji na kusuguliwa kila wiki."

Tangu hapo Anisia alilisugua kila siku.

Wale ng'ombe walikuwa jasho la mzee la maisha yote. Na Deogratias, mumewe, alipoondoka baada ya Pasaka kwenda kuchimba dhahabu Geita, alimwomba jambo moja tu: "Nitunzie baba na ng'ombe wake."

Mzee aliporudi kutoka hospitali, macho yameshindikana, alishuka kwenye bodaboda akipapasa hewa. Alimshika Anisia mkono, akamwambia kwamba Fredy, mchimbaji mwenzake Deo, alipita wodini kumwona. Deo hajambo, shimo limeanza kutoa, anamsalimu sana mkewe. Kisha akauliza, "Na ng'ombe je?"

"Hawajambo, baba."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na likishatoka halirudi. Ndipo akamwendea Masudi, jirani aliyemsaidia kuburuta mizoga. Masudi alikubali kuwaleta ng'ombe wake kunywa pale kila asubuhi. Miezi minne sasa.

Mzee alikuwa akiongea kwenye simu asubuhi hizo hizo, Anisia akiwa birikani. Simu ilikuwa moja tu nyumbani, ile ndogo ya mzee. Anisia aliinua kichwa akamwona ameiweka sikioni, akicheka. "Wapo, mwanangu! Mkeo anawatunza vizuri!" Baadaye mzee alimwambia, "Deo anakusalimu. Nilitaka kukuita uongee naye."

"Usijali, baba. Nilikuwa na kazi."

Kwa kweli alishukuru kutoitwa. Angemjibu nini Deo akiulizia ng'ombe? Kila Jumamosi aliipeleka simu ile dukani kuchajiwa, na mara nyingi aliikuta bado ina chaji. Alisema moyoni, simu za zamani ndivyo zilivyo.

Siku moja ya Septemba Masudi aliegemea fimbo yake, hakutaka kumwangalia usoni. "Dada Anisia, kesho nahama na mifugo. Nyasi zimekwisha. Nisamehe."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa kimya. Anisia alisugua birika hivyo hivyo, akalijaza maji masafi ambayo hapakuwa na wa kuyanywa. Kisha akaweka brashi chini, akaenda barazani, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako si ya kila siku?"

Alimwambia yote. Kutapika, utando, Madoa, Masudi. Hakujitetea. Alipomaliza, alingoja kufukuzwa.

Mzee alinyoosha mkono hadi akaupata uso wake, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Nilijua tangu asubuhi ya kwanza," alisema. "Ng'ombe wa Masudi wanagombana wakifika majini. Wangu nilishawazoesha kusubiriana."

"Baba! Na ukaninyamazia miezi yote hii?"

"Una mimba. Na nilisikia ile brashi kila siku, unavyosugua. Niliona umeshaumia vya kutosha."

Anisia alilia tena, lakini kilio hiki kilikuwa chepesi, cha mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Akajifuta kwa ncha ya kitenge. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano alijisikia anaweza kumtazama mtu yeyote machoni.

"Basi Deo akipiga tena, niite," alisema. "Sitakimbia. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, hata akinigombeza."

Mzee akaitafuta mikono yake yote miwili, akaishika kwa nguvu.

"Hajawahi kupiga, mwanangu," alisema. "Fredy alikuja Kolandoto kuniambia kwamba shimo limemfunika."