Jaribio la Nazi

Siku hizi mgeni wa mtandaoni haruhusiwi kuomba mkutane kabla hajathibitisha kuwa ni mtu, na jaribio unachagua wewe. Bi Mwanahamisi, mjane wa Pangani, huwaambia wanaume wakune nazi mbele ya kamera.

Mmoja wao, Shaibu, alikalia mbuzi, akakuna nazi ikaanguka nyeupe pe.

"Mama, huyu ni mtu kweli," alisema bintiye, Saumu.

"Mtu gani anakuna nazi nzima asidokoe hata kidogo?" Bi Mwanahamisi alimfokea Shaibu kwenye kioo cha simu. "Tapeli mkubwa we! Kajifunze kwanza!" Akakata simu.

Baada ya siku tatu akaja mwingine, Mbwana, kwa sura nyingine na sauti nyingine. Alikalia mbuzi, akakuna. Katikati akadokoa, akatia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Tamu," alisema akicheka. "Sasa nije lini, Bi Mwanahamisi?"

"Huyu kadokoa, mama!" Saumu alinong'ona kwa furaha. "Mjibu basi."

Bi Mwanahamisi aliifunika kamera kwa kiganja. Kwamba yeye huangalia mdomo, si mikono, hakuwahi kumwambia mwanamume yeyote ila Shaibu.