Marufuku Kuteleza

"MARUFUKU KUTELEZA NA SKEITI NDANI YA TANGI," kilisema kibao. Kilisimikwa kando ya lami, na tangi lenyewe limejificha huko nyuma ya mibuni. Selina asingekisoma, asingejua kama kuna tangi.

Yeye na Emilian walikuwa wamechoka kufukuzwa. Lami ya Karatu ni ya magari ya watalii na bodaboda, na mashindano ya skeiti Arusha yalikuwa yamekaribia. Bila mahali pa mazoezi, wangeenda kuaibika tu. Wakaingia kuchungulia.

Lilikuwa tangi la maji la kijiji, halina maji, wazi juu, kuta za zege zimelala kama bakuli. Selina alitamani kulia kwa furaha. Kasoro ilikuwa tope, limejaa mpaka vifundoni. Kwa bahati, mtu alikuwa amesahau majembe, mafagio na toroli.

Kila jioni wakawa wanakwangua. Na kila jioni mzee Piusi, mlinzi wa tangi, aliwafuma.

"Tokeni humo, watukutu nyie!"

"Shikamoo, babu!" walijibu huku wakitimua mbio.

"Marahaba! Na msirudi!"

Walirudi. Mzee aliwakimbiza taratibu, mkono kiunoni, na vifaa vyake akavisahau palepale. Siku moja alifoka kutoka ukingoni, "Mnaharibu mali ya umma! Ona kona ile, tope tupu!" Wakaikwangua na kona ile. Emilian akaleta saruji iliyobaki kwa mjomba wake, wakaziba nyufa zilizokuwa zikikwamisha magurudumu.

"Tunamwonea mzee wa watu," Selina alisema, akicheka.

Jumamosi walifika na skeiti kwapani. Tangi lilikuwa limejaa maji pomoni. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo, mama yake Selina wa kwanza, kicheko hadi jino la mwisho. Selina alijaribu kununa, akashindwa. Akamshika Emilian mkono, wakaondoka.

Mama Bibiana, mwenyekiti wa kamati ya maji, hakuamini macho yake. Alimfuata mzee Piusi hadi kando ya lami.

"Fundi aligoma kufungulia maji mpaka tope litoke. Nikaita watu kwenye msaragambo tulisafishe pamoja, hakuja hata mmoja. Umewezaje peke yako, baba?"

"Nimejitahidi tu, mama," alisema Piusi, akikitikisa kile kibao mpaka kikang'oka.

"Na hicho unakipeleka wapi?"

Mzee alijitwika kibao begani.

"Tangi la juu. Tope la kule linafika magotini."