Mchanga wa Rose

Selina alimficha kuku ndani ya kanga, lakini kuku hajui kutunza siri, alilia kila hatua. Watu wa Igogo waligeuka kumtazama mwenyekiti wa kikundi cha wakausha dagaa akipanda mlima mchana kweupe, kuelekea kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfukuza kikundini jana yake.

Nafsi ilikuwa inamsuta vibaya. Usiku hakulala, na asubuhi hata uji ulimshinda.

Jana hiyo Zahabia alikuja kikaoni bila tabasamu lake la kawaida. Zahabia ni binti wa wenye duka la vyombo kule Nyamagana, na kazi yake ni kuwafundisha wafanyabiashara wadogo kuuza kitu safi kwa njia ya haki. Ndiye aliyewaachisha kuanika dagaa mchangani, akawaonyesha kujenga chanja za miti na nyavu. Ndiye aliyewatafutia mnunuzi wa Dodoma.

"Mnunuzi alitafuna mbele yangu, nikasikia mchanga kwenye meno yake," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowaumiza. "Nilikuwa nimemwapia. Sasa anasema aliyefanya hivi akitoka, ataendelea kununua kwa waliobaki. Asipojulikana, tumeishia hapa. Ni nani, mama zangu?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Selina aliinama kuliko wote, kwa sababu mchanga ule ulikuwa wake.

Hakuwa amepanga. Siku ya kuanika mzigo ule mitumbwi ilirudi imejaa, chanja zikajaa, na ndoo zake mbili zikakosa pa kwenda. Dagaa hawasubiri mtu. Akawapeleka nyuma ya mawe makubwa, na Mwanza haina upungufu wa mawe ya kujificha, akawamwaga chini kama mama yake alivyokuwa akifanya. Walipokauka aliwapepeta mpaka mabega yakamuuma, kisha akawachanganya katikati ya gunia la kikundi. Alijiambia kwamba dagaa safi wa wenzake watawafunika wake wachache.

Pale kikaoni neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kabla halijatoka, Rose akasimama. Rose hana mume wala shughuli nyingine, na watoto wake wanakula kutokana na chanja ile.

"Ni mimi," alisema. "Nilianika chini."

Kikundi kizima kilishusha pumzi. Hakuna aliyemsema Rose hata neno moja, jambo geni kabisa kwa wanawake wale, ambao mtu akichelewa kikao tu anasemwa wiki nzima. Selina mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba Rose atoke na nafasi yake kwenye chanja apewe mwingine. Sauti yake haikutetemeka. Alipoikumbuka sasa, alijichukia.

Ameniona nyuma ya mawe, aliwaza akiendelea kupanda. Ameniona na ameamua kunibebea. Labda kwa sababu nilimuuguzia mtoto wake mwaka juzi. Na mimi nimemlipa kwa kumnyang'anya chakula.

Kwenye kona ya kichochoro alikutana na Kashindye, mwenzao wa kikundi, akiteremka mbiombio.

"Nimepita kumjulia hali tu," Kashindye alisema kabla hajaulizwa, akapita bila hata kuuliza habari za nyumbani.

Rose alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Nyuma yake kulikuwa na kuku wawili waliofungwa miguu, sukari na mche wa sabuni. Selina alifikiri ndugu zake wamesikia habari wakaja kumfariji.

"Karibu, mwenyekiti."

"Usiniite hivyo, dada." Selina alipiga magoti palepale mlangoni, kuku mkononi. "Mchanga ni wangu. Wewe unajua, na mimi najua. Nilikaa kimya nikakuacha ubebe mzigo wangu, halafu nikakufukuza kwa mdomo huuhuu. Nisamehe, Rose. Nimekuja kukushukuru, ingawa shukrani yenyewe naionea aibu."

Rose alimtazama kuku, akamtazama Selina.

"Mfunge pale na wenzake," alisema hatimaye.

"Wenzake?"

"Yule mweupe ni wa Suzana. Mwekundu kaleta Kashindye sasa hivi. Sukari ni ya Winnie, na sabuni ni ya mama Masele. Kila mmoja siku ile alikuwa na jiwe lake la kujificha. Kila mmoja amelia hapohapo ulipopiga magoti, ananishukuru kwa kumbebea. Nilikuwa nakusubiri wewe tu."

Selina aliwafikiria wote, vichwa chini, kila mmoja akitegemea usafi wa mwenzake.

"Kumbe sisi sote," alisema, na machozi yakamtoka. "Na tumemtoa yule mmoja aliyekuwa msafi. Hapana, Rose. Nateremka kwa Zahabia sasa hivi, anifukuze mimi, atufukuze wote akitaka. Wewe utarudi kwenye chanja yako. Huwezi kuadhibiwa kwa kitu ambacho hukufanya."

"Nani kakwambia sikufanya?"

Rose aliweka ungo chini.

"Mchanga niliousema jana ulikuwa wangu mwenyewe. Niliwaona mmeinama, nikadhani mmeshanijua na mnaona haya kunitazama. Ningejua tuko wote, mwenyekiti, na mimi ningeinama nikanyamaza."