Mchezo Nyuma ya Pazia

Bango la mlangoni lilisema mchezo mpya wa video uko wazi kwa umma, aje yeyote ajaribu. Mwinjuma alikuja na pedi yake ya kuchezea ndani ya soksi, kama ilivyo desturi ya kibanda cha gemu anakoshinda. Mkongwe hashiki pedi ya mwenzake. Mchezo huo aliungoja tangu hajaota ndevu. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alishamwambia mwaka hautaisha akiwa anaona.

Lakini ndani palitundikwa pazia jeusi, na bawabu hakumpisha.

"Ni kwa walioalikwa tu."

"Bango linasema umma!"

"Umma ndio hao walioalikwa, kaka."

"Na sisi wengine lini?"

"Itatangazwa."

"Miaka nenda miaka rudi mnatangaza kwamba mtatangaza!"

Pazia likafunuka, akatoka Mwanaidi, mwenzake wa kibandani aliyebahatika kualikwa. Mwinjuma akamwahi.

"Niambie japo mbingu yake ina rangi gani."

"Wametusainisha tusiseme kitu, Mwinjuma. Nikifungua mdomo wananishtaki."

Mwinjuma akaitoa pedi kwenye soksi, akaishika kama anayecheza. Mwanaidi akaweka vidole gumba vyake juu ya vya mwenzake, akabonyeza polepole: mbele, mbele, ruka.

Bawabu akakohoa. Mwanaidi akaondoa mikono, akaenda zake bila kugeuka.

Mwinjuma alibaki amelielekea pazia, vidole vikirudia palepale: mbele, mbele, ruka. Kila akiruka, hajui anaangukia wapi.