Lenzi ya Marehemu Baba

Siku hizi asiyetaka kuonekana husajili sura yake tu, na kila lenzi humfuta pichani. Ila lenzi ya marehemu baba, iliyotoka kwenye kamera yake kubwa ya studio, haiijui sheria hiyo. Lenzi yetu ilipopasuka, niliifunga hiyo ya baba kwa pete ya kuunganishia kwenye kamera yetu ndogo. Mume wangu Nestori akaibeba kwenda kwao Kibondo kula Krismasi, bila kuuliza.

“Lenzi gani hii ya kuzungusha kwa mkono?” alinung’unika aliporudi, akanikabidhi kamera.

“Picha umeziangalia, Baba Upendo?”

“Za nini? Si zilezile za kila mwaka.”

Nikaziangalia mimi. Amesimama mbele ya nyumba ya mama yake, mkono umetua begani mwa msichana wa miaka kama tisa. Masikio ya msichana ni ya Nestori mtupu.

Nikatoa albamu. Miaka yote tumemcheka kwa pozi lake, ule mkono ulioachwa hewani. Nikazipanga picha. Kila Krismasi mkono umepanda kidogo.

Kwenye ya kwanza, ya mwaka tuliooana, ameketi akitabasamu, amepakata hewa kwa mikono miwili.